Mzani Haukai Juu ya Nyasi

Nyinyi wasichana wawili mnaokaa sasa kwenye kona yangu, pale sokoni upande wa wauza mitumba, na mwavuli mwekundu na mzani mpya wa kioo: jana nilipita nikiwa nimembeba mwanangu mgongoni. Hamkuniona. Mlikuwa mnampima baba mmoja mwenye koti, na mzani mmeuweka juu ya boksi lililokunjwa, eti usichafuke. Nilitaka kusimama hapo hapo niwafokee, lakini kumfokea mtu mbele ya mteja wake si vizuri, hata mimi najua. Nikaenda zangu nyumbani. Sasa nawaandikia.

Toeni hilo boksi.

Mimi nimestaafu. Chekeni, mkimaliza tuendelee. Nina miaka ishirini na saba, sina mvi hata moja, lakini kazi niliyoifanya tangu nilipomaliza kidato cha nne nimeiacha, na mtu aliyeacha kazi yake ana haki ya kuwasumbua waliobaki. Niliiacha kwa sababu ya mzani mmoja wa bafuni, wa kioo kama huo wenu, uliosema mwanangu anakonda. Mzani ulisema, watu wakaamini, mtoto akabaki Muleba kwa bibi yake. Mimi nikarudi Bilele, hapa Bukoba mjini, kwenye chumba chenye kitanda kipana na kishuka kidogo ambacho bado kilinuka maziwa. Kwa hiyo msidhani hicho mnachowapandisha watu ni kitu cha mchezo.

Kazi nilifundishwa na Bi Shamimu. Nyinyi hamkumkuta. Alihamia Mwanza kwa binti yake, na mpaka leo nikisikia sandali zinaburuzwa kwenye changarawe nageuka kuangalia. Alikuwa mtoto wa mjini hasa, babu yake alitoka pwani, bibi yake Mhaya wa hapa hapa, naye alijua kumsema mtu kwa lugha zote mbili bila kupandisha sauti. Mzani wake ulikuwa wa bati, wa mshale, wa bluu, rangi imebanduka pale nyayo za watu zilipokanyaga miaka yote. Kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza aliinama, akafumba jicho moja, akazungusha kile kigurudumu cha pembeni mpaka mshale ukalala kwenye sifuri.

Siku ya kwanza nilimuuliza, "Bi Shamimu, si jana jioni tumeuacha kwenye sifuri? Unauangalia wa nini tena?"

"Na wewe jana jioni ulikuwa umeoga," akasema. "Leo umeoga?"

Nilikuwa sijaoga.

Halafu akanituma dumu. Hili la dumu lishikeni, maana ndilo lililonirudishia mwanangu. Lita moja ya maji ni kilo moja, iwe Bukoba, iwe Muleba, iwe wapi. Lakini dumu la lita ishirini ukilijaza mpaka shingoni linapita ishirini, kwa hiyo usilijaze kwa macho. Chukua chupa ya lita moja, mimina ishirini bila haraka, pale maji yalipofikia ukwaruze alama kwa msumari. Dumu lenyewe tupu lina karibu kilo moja. Liweke katikati ya mzani: ukipata ishirini na moja, au kasoro kidogo sana, fungua kazi. Ukipata kumi na tisa, kazi haijafunguliwa, tafuta kosa. Kisha lisogeze dumu kwenye pembe moja, na pembe nyingine. Mzani mzima haubadilishi maneno kwa sababu umesogezwa. Na usipime kwa jiwe. Bi Shamimu aliniambia kulikuwa na mwenzake aliyejaribia mzani kwa jiwe lile lile kila siku, na hakuna aliyewahi kujua jiwe lina kilo ngapi, hata yeye.

"Sasa alikuwa anajua nini?" nikamuuliza.

"Alikuwa anajua jiwe halijakonda."

Tulikuwa na fundi cherehani mmoja, mnene wa kutosha, alipenda kupima asubuhi na kurudi baada ya chakula cha mchana. Siku hiyo alirudi amevimba.

"Mzani wenu mwizi," akasema. "Asubuhi themanini na nne, sasa themanini na sita. Mtu ananenepa kilo mbili kabla ya swala ya alasiri?"

"Umekula nini?" Bi Shamimu akamuuliza.

"Ndizi kidogo."

"Na nini?"

"Na maharage."

"Na nini, baba?"

"Na lubisi ya ndizi. Kikombe."

"Kikombe au kibuyu?"

Fundi akatazama pembeni. Bi Shamimu akamwambia, "Hicho chakula hakijaenda popote, umekuja nacho. Ungekibeba kwenye sufuria ukapanda nacho, ungeuita mzani mwizi? Kimehama tu kutoka mkononi kwenda tumboni." Yule fundi akacheka mpaka akashika ukuta, na keshoye akaja kabla ya chai, amevua na viatu.

Ndiyo kazi yenyewe hiyo, wadogo zangu. Wateja wenu nusu watakuja kuwaambia wamepungua au wameongezeka tangu jana. Msiwape hongera wala pole. Waulizeni walivaa nini, maana mwanamke aliyetoka harusini na gomesi na mkanda wake amebeba nguo zenye uzito wa mtoto mchanga. Waulizeni walipima saa ngapi. Asiyetaka kudanganywa apime asubuhi, akitoka chooni, kabla hajanywa chai, nguo ile ile, mzani ule ule, mahali pale pale. Na apande mara tatu. Huo wenu wa betri ukiuhamisha, mara ya kwanza unaamka tu, unaropoka. Mpandishe mtu, mshushe, usubiri sifuri, umpandishe tena. Namba zikija tatu zinafanana, mwambie. Zikija tatu za ukoo tofauti, badilisha betri au badilisha sakafu.

Sakafu. Sasa tumefika.

Baba Asimwe, mume wangu, anavua dagaa Bumbire. Anakuja mbalamwezi ikiwa kali, kwa sababu taa za kuvutia dagaa hazifanyi kazi mwezi ukiwaka, na mwezi ukififia anarudi kisiwani. Kwa hiyo Krismasi ile nilikwenda kwa mama mkwe wangu Muleba peke yangu na Asimwe, ambaye alikuwa ameshaanza kutembea lakini usiku bado ananyonya. Nyumba ya mama mkwe ni ya matofali, bati, sakafu ya simenti iliyosuguliwa. Lakini yeye hawezi kumpokea mgeni kwenye simenti tupu. Nyasi zilikatwa, zikachambuliwa, zikatandazwa sebule nzima, zote zimelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa, na juu ya za zamani zikaongezwa mpya. Ukiingia miguu inazama na harufu inakupanda mpaka unasahau ulikuwa na hasira na nani. Nyasi hizo, katika nyumba ile, hazishikwi na fagio mgeni akiwa ndani. Ukifagia umemwambia ondoka. Hata mtoto mdogo anajua.

Wifi yangu alikuja na zawadi ya mama yake: mzani wa bafuni, kioo, unawaka namba za bluu. Mama ana presha, hospitali walimpima wakampata na kilo sitini na nane wakamwambia asizidi hapo, basi binti akaona amletee mzani. Mimi nilikuwa jikoni nyuma, namenya ndizi, mikono imejaa utomvu. Nikasikia vicheko sebuleni, wanapanda na kushuka, halafu vicheko vikakatika. Nikajua kuna kitu. Nikaingia na kisu mkononi.

Walikuwa wamempima Asimwe. Njia waliyotumia ilikuwa sahihi, siwezi kuwanyima: bibi alipanda peke yake, akapanda tena amembeba mtoto, wakatoa. Lakini mzani ulikuwa katikati ya sebule, umezama kwenye nyasi.

"Mama Asimwe," wifi akasema, na sauti tayari ni ya msibani, "huyu mtoto ana kilo saba na nusu."

"Ana tisa na nusu. Nimetoka naye kliniki juzi juzi."

"Mzani huu ni mpya. Umetoka kwenye boksi lake."

"Upya sibishani nao. Uko juu ya nyasi, wifi. Huo una vimiguu vinne chini, vimiguu ndivyo vinavyopima. Vikizama, tumbo la mzani linalalia nyasi, na uzito mwingine unabebwa na nyasi. Inua tu uone."

"Unataka nifanyeje? Nifagie nyasi za Mama?"

Hapo hapo nikajua nimeingia mtegoni. Mashangazi watatu waliokuwa wakitafuna akamwani, zile buni za kahawa za kumkaribishia mgeni, waliacha kutafuna. Mama mkwe alikuwa amempakata Asimwe, akaniangalia mikono, kisu, kisha uso.

"Anataka tutoe nyasi," akawaambia wageni, taratibu, kama anayetafsiri.

"Sijasema mfagie, Mama. Tuutoe mzani barazani, kwenye simenti. Dakika moja."

"Mtoto apimwe nje? Watu wote wanapita wamtazame? Anayepimwa uwanjani ni mbuzi."

"Basi mlichopima ni nyasi, hamjapima mtoto."

Nilisema hivyo, na ningesema tena. Lakini wadogo zangu, ukweli ukiusema na kisu mkononi unasikika kama kitu kingine. Shangazi mmoja akasema kwa Kihaya kwamba wasichana wa mjini wanashinda juani wanapima watu wasiowajua, wa kwao anakauka. Mama mkwe akamshika Asimwe mkono, akazungusha kidole chake kwenye kiwiko, akasema, "Mawe! Mama yangu, angalia." Na kwa sababu namba ilikuwa imeshasemwa, wote wakaona mkono mwembamba. Mkono ule ule waliokuwa wakiubusu asubuhi.

Nikampigia baba yake. Alikuwa anapiga kelele juu ya injini ya mtumbwi.

"Mama hawezi kusema uongo," akasema.

"Sijasema Mama. Nasema mzani."

"Mzani kanunua dada yangu."

"Kwani dada yako ndiye kautengeneza?"

"Sikia. Mwache hapo ale ndizi na maziwa. Akinenepa utamchukua. Na wewe hiyo kazi ya barabarani iache, ndiyo inakukausha maziwa."

Niliondoka kesho yake. Asimwe alikuwa amelala, waliona heri nisimwamshe. Basi lilipofika Kemondo blauzi yangu ilikuwa imelowa mbele yote, na mama wa kiti cha jirani, bila kuniuliza kitu, akanipa kanga yake nijifunike.

Kazi sikuiacha siku hiyo. Nilijaribu. Bi Shamimu alikuwa ameshaondoka na mzani wa bati alikuwa ameniachia, basi nikakaa kwenye kona na dumu langu, nikawapima watu. Shida ilikuwa akina mama. Mama anapanda, anasoma, anashuka, anampokea mtoto, anapanda tena, na mimi natoa namba kwa namba, nasema, "Kilo kumi na nusu, hongera, mama." Mwanamke mmoja akaniuliza mbona nalia. Nikamwambia vumbi. Bukoba, siku ya mvua, vumbi.

Nikaiacha. Nilijiambia nikitimiza hilo walilolisema, mtoto atarudi. Nikapiga simu Muleba, nikasema nimeacha kazi, niko nyumbani. Wakasema vizuri sana. Nikauliza Asimwe ana kilo ngapi sasa.

"Nane," mama mkwe akasema. "Bado bado. Subiri."

Mnaelewa jambo hilo? Mtoto alikuwa anakula, anakua, namba haiendi. Kulikuwa na ubatizo nyumba ile, wakaongeza nyasi. Ikaja jumuiya kusali, wakaongeza nyasi. Kila mgeni aliyeheshimiwa alimpunguza mwanangu. Na mimi nilijua, nimekaa kitandani Bilele, najua kabisa kinachotokea chini ya ule mzani, na hakuna aliyeniuliza. Hasira nilizokuwa nazo wakati ule bado ninazo. Hazijapungua, na hizo nimezipima mwenyewe.

Niliyakumbuka mambo madogo madogo. Alikuwa na tabia ya kushika sikio langu wakati ananyonya, analivuta kama anayekamua. Usiku nilijikuta nimelishika mwenyewe.

Baada ya Pasaka simu ikaita. Mama mkwe hajawahi kunipigia yeye mwenyewe, hupiga wifi. Alizungumza Kihaya, chini chini.

"Mama Asimwe, waitu, tafadhali, wewe si unapima watu?"

"Nilikuwa napima, Mama."

"Napungua."

Nikakaa vizuri. "Unapungua vipi?"

"Krismasi sitini na tatu. Kwenye ubatizo sitini na moja. Leo hamsini na nane. Baba yao alianza hivyo hivyo. Alikonda kidogo kidogo, hatukujua, mpaka tukajua."

"Umemwambia nani?"

"Nimekwambia wewe."

Nitawaambia ukweli: kilichonijia mdomoni kwanza kilikuwa kibaya. Lakini nilisikia nyuma yake mtoto anaimba, hajui wimbo, anaimba tu, na mdomo ukafungika.

"Mama, lile gauni lako la kanisani, la kijani, linakukaaje?"

"Linakaaje?"

"Linapwaya?"

Akafikiri. "Linabana. Jumapili sikufunga kishikizo cha juu."

"Hamsini na nane gani inabanwa na gauni la sitini na nane? Kesho nakuja."

Nilikwenda na chupa ya lita moja kwenye mkoba na msumari. Dumu nilijua wanalo.

Asimwe alikuwa mlangoni. Alikuwa amerefuka, mashavu yamejaa, ana viatu nisivyovinunua mimi. Nikachuchumaa, nikanyoosha mikono. Akanitazama, akaenda kujificha nyuma ya kitenge cha bibi yake, akachungulia kwa jicho moja. Sitalielezea hilo. Nikasimama nikauliza dumu liko wapi.

Nilimimina lita ishirini mbele ya mama mkwe, naye akahesabu kwa sauti ili nisimwibie. Nikakwaruza alama. Nikaingia na dumu sebuleni, nikaliweka kwenye mzani pale pale ulipokuwa, juu ya nyasi zilizokuwa sasa nene kama godoro. Namba za bluu zikasema kumi na saba.

"Umehesabu ngapi, Mama?"

"Ishirini."

"Na dumu lenyewe?"

"Dumu nalo lina uzito wake."

"Zimekwenda wapi hizo nyingine?"

Alitazama nyasi.

Tukatoka mpaka barazani, mimi na dumu, yeye na mzani ameukumbatia kama sahani. Nikauweka kwenye simenti, nikaugonga kwa kidole uamke, nikasubiri sifuri. Dumu: ishirini na nukta tisa. Nikalitoa, nikaliweka tena: ishirini na nukta tisa. Mara ya tatu aliliweka yeye.

"Sasa panda wewe," nikamwambia.

Akavua ndala. Akapanda ameshika nguzo, nikamwambia aachie nguzo, akaachia kama anayeachia mkono wa mtu. Sitini na nane.

Alikaa chini barazani na kitenge chake, akaanza kucheka, machozi yanatoka. "Kwa hiyo siumwi."

"Una presha kama zamani. Kukonda hukondi. Na chumvi upunguze."

Akacheka tena, halafu nikaona kicheko kinapungua chenyewe, kama maji kwenye mchanga. Sikumsaidia. Nilimwacha afike mwenyewe. Asimwe alikuwa amekuja kuchezea maji ya dumu.

"Basi na huyu," mama mkwe akasema.

"Ndiyo."

"Krismasi alikuwa na ngapi?"

"Tisa na nusu. Kama nilivyokwambia."

"Ungesema vizuri."

"Nilisema, Mama. Vizuri kwanza, vibaya baadaye."

Akavuta kitenge magotini. Kwa muda mrefu aliangalia migomba kana kwamba kuna mtu anatoka huko. "Mzee alipoondoka," akasema, "nilikuwa nakaa na redio. Betri zikiisha ilikuwa kimya mpaka Jumamosi mtu aende gulioni. Huyu hana betri." Akamtazama Asimwe. "Ule mkono siku ile nilitaka uwe mwembamba. Si kwamba niliona. Nilitaka."

Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Njia nzima kutoka Bukoba nilikuwa nimepanga maneno, moja baada ya jingine, na mazuri, mengine ningejivunia. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nikasema tu, "Mpime sasa, tujue." Alipanda naye kwenye simenti, nje, watu wanapita, na hakusema habari za mbuzi. Kilo kumi na moja na ushee. Nikawaza, hapo sasa atasema: umeona anavyonenepa kwangu, mwache. Ningesema nini? Namba ilikuwa yake kuliko yangu. Nilikuwa nimemthibitishia kwa dumu langu mwenyewe kwamba mtoto anatunzwa vizuri.

Mama mkwe akainuka, akaingia ndani. Nikasikia kitu kinakwaruza. Nikasimama mlangoni nikamwona ameshika fagio la njukuti, anafagia. Alianzia ukuta wa mbali, anazisukuma zile nyasi, tabaka kwa tabaka, za Pasaka, za jumuiya, za ubatizo, za Krismasi, anazileta mlangoni, kwenye miguu yangu. Na mimi niko ndani ya nyumba yake, mgeni, hata chai sijanywa.

Nilielewa. Alikuwa ananiondoa. Hakuinua uso, alisema tu, "Nguo za mtoto ziko kwenye kamba, zimekauka." Sijawahi kufukuzwa vizuri namna ile.

Baba Asimwe alipokuja mwezi ulipowaka nilimweleza yote. Akasema, "Kumbe." Neno hilo tu. Sijamsamehe bado, naye anajua, ndiyo maana siku hizi dagaa wanakuja gunia zima. Mama mkwe anapiga simu mwenyewe. Anauliza anakula, nasema anakula. Anauliza kilo ngapi, nasema. Anauliza umempimia wapi, nasema kwenye simenti, na hapo nasikia redio yake tu.

Mtaniuliza mbona sikurudi kazini. Nilirudi, siku nyingi kabla ya hiyo jana. Nilifika asubuhi na mzani wa bati kichwani na Asimwe mgongoni, nikakuta mwavuli mwekundu. Mlikuwa mnacheka na mteja, mmoja wenu anaigiza mtu anayevuta tumbo ndani ili apungue. Bi Shamimu alikuwa akiigiza hivyo hivyo. Nikasimama ng'ambo kwa wauza mitumba, nikashika shika gauni nisilolitaka, nikarudi. Kona si ya mtu. Lakini naitamani, nawaambia wazi: ubaridi wa lile bati asubuhi, watu wanaovua viatu mbele yako na kukuonyesha soksi zilizotoboka, mtu anavyoshika pumzi kabla ya kuangalia chini. Kila mmoja anashika pumzi. Msiwaharakishe.

Mtoto mchanga akiletwa, mwambieni mama yake akapime kliniki kwenye mzani wa kuning'inia, huo wenu ni wa watu wazima, kosa ambalo kwa fundi cherehani ni kicheko kwa mtoto ni kesi. Akikataa, mpimeni kwa kutoa, mara tatu, kwenye simenti. Na kabla hamjataja namba, mjue namba hiyo inakwenda nyumbani kwa nani.

Asimwe amenizoea tena. Sikio langu anavuta. Lakini chumba cha Bilele hakimpendezi, anatembea kwenye simenti kwa vidole, kama inamchoma. Leo asubuhi nilikuwa nafua uani, akawa anapita na kurudi, anapita na kurudi, sikumjali. Nilipoingia nikakuta amechuma majani ya kando ya mtaro, konzi kwa konzi, mengine yana matope, ameyatandaza chumba kizima, kuanzia kitandani mpaka ulipo mzani wa Bi Shamimu, na amejitahidi yalale upande mmoja.

"Mgeni anakuja," akasema.

Fagio lilikuwa nyuma ya mlango, nikalishika. Kisha nikaliegemeza tena. Nikaubeba mzani, nikautoa nje, nikauweka kizingitini kwenye simenti, nikazungusha kigurudumu mpaka mshale ukalala kwenye sifuri. Nyasi nimeziacha.